Radhi za Mbali

Mwaka ule, mmoja kabla ya vita vya Wajarumani, nyumbani mwangu hamkuwa na siri ila moja, nayo ni nyonga yangu ya kulia.

Ndugu yangu Akil alikuwa hajaniona nikiinuka. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kunitazama, akapanda ngazi huku akipiga hodi, nami huwa nimekwisha kukaa zamani kwenye kiti cha ukumbini, miguu nimeifunika leso. Mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo haikuwa ajabu nisimwinukie. Alinibusu mkono, tukanywa kahawa, tukapiga porojo za mtaani, kisha akenda zake. Hapo ndipo nilipomwita Afaf, mke wa mwanangu, aje anitie mikono kwapani aninyanyue. Siku za baridi tulijaribu, tukapumzika, tukajaribu tena.

"Mwambie, mama," Afaf alikuwa akisema. "Mtu hafichi mguu kama aliyeuiba."

"Nikimwambia, siendi."

Hilo ndilo lililokuwa likinikondesha. Tangu ningali na meno ya utoto nasali nimeelekea Makka, na marehemu mume wangu alikufa akisema mwakani, mwakani. Mwanangu alikuwa Lamu na kazi yake haimwachi, kwa hivyo maharimu, mwanamume wa damu yangu wa kusafiri naye, alikuwa Akil peke yake. Naye aliniambia waziwazi: "Dada Sheikha, ni mwaka huu. Ukiweza, twenda sote. Usipoweza, tutamtafuta mtu akuhijie kwa badala yako." Nikamjibu kwamba naweza. Nilijibu nimekaa, naye hakuniambia niinuke.

Nyonga hii ilinishika baada ya uzazi wangu wa mwisho, isiniache tena. Kuuma huuma sikuzote, na hilo nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Lakini ziko saa inapokaza. Mmewaona mafundi wakikaza kamba za kitanda, mmoja avuta, mwingine apiga kwa mti ili kamba isirudi? Ndivyo. Ikikaza vile, guu haliendi mbele wala halirudi nyuma. Nimeumikwa, nimekandwa mafuta ya simsim ya moto, nimekunywa habasoda mpaka jasho langu likanuka habasoda.

Hofu yenyewe iliniingia siku aliyokuja Bi Intisar. Yeye ndiye mwanamke pekee mtaani petu aliyekwisha kuhiji, na tangu arudi, ukimwuliza bei ya ndizi atakwambia ndizi za Jidda. Nikamwuliza habari za ndia ya kutoka huko Jidda mpaka Makka.

"Ni ngamia, shoga yangu," akasema. "Hufungwa vitanda viwili, kimoja huku, kimoja huku. Wewe wakaa umekunja miguu upande wako, mwenzio upande wake, mwawa kama mizani. Akianza kwenda, wasukwasukwa mpaka wasahau jina la babako."

Kukunja miguu! Alipoondoka nikamwambia Afaf anikalishe kwenye pembea ya ukumbini. Nikakunja miguu, nikamwambia sukuma. Aliposukuma mara ya kwanza niliuma leso. Mara ya pili nilipiga ukelele, jirani akatokeza dirishani kuuliza kuna msiba gani.

"Hakuna msiba," Afaf akamjibu. "Mama yuapanda ngamia."

Alicheka yeye, akacheka na jirani. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya pembea kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mnyama yule simpandi. Nikatuma Bi Intisar aitwe tena, nikamwuliza kama wako wanaokwenda kwa miguu.

"Wako. Hufuata nyuma ya msafara." Akapunguza sauti, naye si mtu wa kupunguza sauti. "Lakini wa nyuma ndio wanaoliwa."

"Waliwa na nini?"

"Na kila kitu. Majambazi, kiu, jua. Mwaka wetu kulikuwa na mama mmoja wa Siu. Alikaa kando ya ndia afunge kiatu. Afunge kiatu tu, Sheikha. Tulipogeuka hatukumwona yeye wala kiatu."

Mama yule wa Siu akawa hanitoki. Nikiinama kusujudu namwona. Nikisikia nyonga yaanza kukaza nasema ndio hivi, ndivyo ilivyomwanza, akakaa kidogo. Kufa sikukuogopa sana. Hata sanda nilikuwa nimeikunja sandukuni ili nikaioshe kwa maji ya Zamzam. Nilichokiogopa ni ile saa kabla ya kufa. Msafara wazidi kwenda, vumbi latulia, nami nimesimama kwa guu moja jangwani, nasikia kengele za ngamia zikififia.

Hata hivyo nilikuwa najua jambo moja juu ya nyonga yangu, jambo ambalo waganga hawakuniambia. Nikikaa sana, huganda. Nikitembea kidogo kidogo, leo hapa, kesho mbele ya hapa, hulainika. Nikasema nitajizoeza mwendo. Tulikuwa mwezi wa Rajabu, na meli za mahujaji huondoka baada ya Idi, Mfunguo Mosi. Wakati ulikuwapo.

Lakini mwanamke wa nyumba za Ndia Kuu atatembea wapi? Mchana hatoki ovyo. Hata kizee kama mimi, nikipita mara mbili mbele ya duka moja, mwenye duka atauliza kulikoni, na jioni Akil atakuwa amekwisha kuambiwa.

Ndipo nikakumbuka radhi. Kwetu aendaye kuhiji huzunguka kwa jamaa na majirani kuwaomba radhi, kwa kuwa huenda asirudi. Mtu aliye katika ndia hiyo hapana amwulizaye mbona yu nje. Watu hufanya hivyo siku za mwisho. Mimi nikaanza mapema.

"Mapema hivi?" waliniuliza.

"Umri hauna dhamana, mwanangu," nikawajibu, na wazee wakatikisa vichwa.

Nikaanza na nyumba za jirani, nikaja Kibokoni, nikaja Kuze. Kila siku nilimtafuta mtu wa mbali kidogo kuliko wa jana. Wa mjini waliponiishia nikavuka Makadara. Nikenda Mwembe Tayari kwa mjane wa fundi aliyetupakia nyumba chokaa zamani. Nikenda Majengo kwa mwanamke aliyewahi kuniuzia kuku. Usiku nililala na matambara ya moto kiunoni, na asubuhi nikakaa kuwaza ni nani tena nimemkosa aliyeko mbali.

Afaf akasema, "Mama, kwa mwendo huu utamwomba radhi liwali wa Malindi."

Mtu wa mbali kuliko wote alikuwa Dama. Zamani alikuwa akituletea madafu na nazi, kisha akaolewa akahamia upande wa Kilindini, ng'ambo nyingine ya kisiwa, karibu na zinapotia nanga meli kubwa. Mara ya kwanza nilipofika kwake nusura aangushe chungu.

"Bibi Sheikha! Wewe, huku? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba radhi. Naenda Makka."

"Radhi ya nini?"

"Huenda nilikwambia neno baya siku zile, juu ya nazi."

Akafikiri sana. "Uliniambia nazi zangu ndogo. Na kweli zilikuwa ndogo." Akacheka, akanipa radhi, akanipa na maji ya kunywa. Nikarudi nikisimama kila penye ukuta wa kuegemea, lakini nilirudi. Siku ile nilisema moyoni, Sheikha, wewe utafika.

Kwa hivyo mwisho wa Shaabani nikenda tena. Dama aliponiona akatia mikono kiunoni.

"Bibi, radhi si nilikupa yote? Au umenikosea tena?"

"Nimekuja kuihakikisha."

Alinitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, akanitazama vile nilivyosimama nimeuegemea mlango. "Kaa," akasema. Sikukaa, kwa kuogopa kuganda. Nikamuaga, nikatoka.

Mliozaliwa nyuma hamkuzijua toroli za siku zile. Barabara ya Kilindini ilikuwa na reli nyembamba, na juu yake vilipita vigari vidogo vyenye paa la turubai, abiria amekaa kwenye benchi, watu wawili wakimsukuma kwa nyuma mbio. Walipanda maofisa na mabwana wenye shughuli zao. Mimi nilipapenda pale katikati ya reli kwa kuwa ardhi ilishindiliwa ikawa sawa, hapana jiwe la kunikwaza. Na mwendo wangu huo, toroli nilikuwa naisikia tangu mbali nikajitenga kando.

Siku ile niliisikia. Nikataka kujitenga. Guu la kushoto likatoka, la kulia likabaki.

Nyonga ilikaza kuliko siku zote. Nilisimama nimetanua miguu, mmoja ndani ya reli, mmoja nje, siwezi kwenda wala kurudi wala kukaa. Huku na huku ni vichaka, hakuna nyumba, hakuna mtu. Jua lilikuwa juu. Nikasema ndiyo hii, nimeiona mapema, huku ni kwetu na tayari nimeachwa. Nyuma yangu wakapiga kelele, "Similla! Similla, bibi!" na magurudumu yakilia juu ya chuma. Nikajaribu kulivuta lile guu kwa mikono, kama mtu avutaye kamba kisimani. Halikuja. Nikafumba macho nikatoa shahada.

Toroli ilisimama karibu hata nikasikia joto la chuma mgongoni.

"Bibi ni kiziwi nini?" akauliza mmoja wa wasukumaji.

"Si kiziwi," ikasema sauti ya aliyepanda. "Humwoni? Hawezi. Mpandisheni."

Ilikuwa sauti ya Akil.

Nilikuwa ndani ya buibui langu, nimeteremsha kitambaa cha uso, na ndani yake mwanamke yeyote ni mwanamke yeyote. Akaja mbele yangu akaniinamia kwa adabu kama mtu amwinamiavyo mama asiyemjua. "Bibi, waweza kupanda? Wakushike?"

Ningejibu angeijua sauti yangu. Nikaitikia kwa kichwa tu. Wakanishika wakanikalisha kwenye benchi, guu nimelinyoosha mbele kama gogo. Akil hakuweza kukaa na mwanamke wa watu, akasema atafuata kwa miguu, nao wasukume polepole. Ndivyo nilivyorudishwa mjini. Nimepanda kama bibi mkubwa, na mwanamume niliyekuwa namkimbia anafuata nyuma yangu, hatua kidogo tu kutoka sikioni.

Msukumaji mmoja aliitwa Katana, nao yaonyesha walikuwa wanajuana.

"Leo bwana yuaenda na nyayo," Katana akasema. "Mvua itanyesha."

"Najizoeza. Naenda Makka."

"Kumbe meli umeipata?"

"Nimetoka kuuliza sasa hivi. Ipo." Akaongeza, "Nilikuwa namwomba Mungu isiwepo."

Katana akacheka. Akil hakucheka.

"Wacheka. Mwaka jana binamu yangu alikwenda na wenzake wanne, akarudi na mmoja. Maradhi ya tumbo, karantini, na huko barabarani watu wanyang'anywa mpaka nguo. Mimi chakula hakishuki, Katana. Kila Ijumaa naenda kwa dada yangu nasema leo atalitamka."

"Atatamka nini?"

"Kwamba hawezi. Ana guu bovu. Adhani sijui. Mtalawanda wake wa kulia, kiatu kile cha mti pale chini ya ngazi, umelika upande mmoja mpaka umekuwa kama kabari, na mimi mtu mzima nisijue? Akisema mwenyewe hawezi, basi Mungu amemsamehe, na mimi nimesamehewa pamoja naye. Tutamtuma mtu."

"Si umwambie wewe?"

"Nikimwambia mimi, nitakuwa nimemzuia mtu na hija. Nani ataka dhambi hiyo?"

Sikwambii ilivyonipata hasira. Miezi yote hii nimejificha kama kuku mwenye mayai, kumbe huyu yuaningoja nimfungulie mlango akimbie! Kisha hasira ikashuka chini, na iliyobaki ilikuwa hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwa maana katika zile ndoto zangu za jangwani kulikuwa na mtu mmoja wa kunitegemeza. Msafara ukiondoka, Akil atarudi kunichukua. Sasa nikamwona Akil naye akikimbia mbele na wale ngamia, hageuki.

"Simamisheni," nikasema.

Toroli ikasimama. Katana akasema, "Lo! Bibi ana sauti."

Sikugeuka. Nikasema, "Akil."

 Nikasikia pumzi zake tu. Kisha akaja mbele polepole, akaangalia kitambaa cha uso wangu, mikono imemning'inia.

"Dada?"

"Ndimi."

"Wafanya nini huku?"

"Naomba radhi."

 Katana na mwenzake wakaenda kando wakajifanya kutazama gurudumu.

"Ulikuwa walitaka neno langu," nikamwambia. "Haya, lichukue. Siwezi. Siwezi miaka mingi, na leo siwezi zaidi. Umesikia? Na wewe je, Akil, waweza?"

Ndugu yangu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ana ndevu nyeupe, na kilemba chake hakuna aliyemzidi kukifunga pale mjini. Akashika ubao wa toroli kama mtu aliye chomboni.

"Siwezi, dada," akasema.

Kwetu sisi neno hilo ni moja. Mgonjwa hawezi, na aliyeshindwa hawezi. Tukaangaliana, wagonjwa wawili juu ya barabara ya Kilindini.

"Basi imekwisha," akasema kwa upole, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto aliyeambiwa leo hakuna chuo. "Mungu amemwandikia mwenye kuweza. Sisi tumesamehewa."

Sitawadanganya, lilikuwa neno tamu. Nililiacha likanizunguka. Ningerudi nyumbani, Afaf anikande, sanda ikae sandukuni, mama wa Siu aende zake. Mwili mzima ulitaka kusema haya. Na guu, kwa kuwa lilikuwa limenyooshwa pale kwenye benchi, lilikuwa limeanza kulegea.

Nikamwuliza, "Nimetoka kwa Dama sasa hivi. Wamkumbuka Dama wa nazi? Wajua anakaa wapi?"

"Kilindini."

"Nimekwenda leo na miguu yangu. Na mwezi uliopita nilikwenda nikarudi."

Akanitazama. "Ulirudi?"

"Nilirudi. Kwa kusimamasimama. Na peke yangu, Akil. Sijajaribu na mtu."

 Nikamwambia anipe mkono nishuke.

"Kaa, dada, kwetu bado mbali."

"Huko hakuna toroli."

Nilishuka. Guu lilipogusa ardhi niliona nyota, nikamshika bega. Katana akauliza bwana, tufanyeje? Akil akamwambia waende zao. Wakaondoka na toroli tupu, wakigeuka kutuangalia mara kwa mara, na mwisho nikamsikia Katana akimwambia mwenzake, "Watu wa mjini hawa!"

Tukaja vivyo hivyo. Nyonga ikianza kukaza namfinya mkono, naye husimama. Mwanzo alisimama amechelewa, nikamfinya kwa kucha. Baadaye akawa ajua kabla sijamfinya, kwa kusikia pumzi zangu. Tuliposimama, yeye ndiye aliyekuwa akitazama nyuma na mbele kama kwamba majambazi wa jangwani wamejificha kwenye vichaka vya Kilindini.

"Usiende mbele yangu hata hatua moja," nikamwambia. "Huko. Hata wakiita."

"Na nikikimbia, dada? Mimi najijua."

"Ukikimbia nitakuita Kikojozi, jina lako la utotoni, mbele ya msafara mzima. Mpaka Waturuki watajua."

Hapo akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati, naye akanishika mkono kwa nguvu kuliko nilivyomshika mimi.

Ndia Kuu tulipita adhuhuri, watu wanatoka msikitini, kila barazani wakatuangalia. Akil bin Awadh anakokota mwanamke mchana kweupe! Mmoja akauliza, "Kheri, Bwana Akil? Nani huyo?" Akajibu, "Dada yangu. Hawezi. Twajizoeza kwenda Makka." Yule mtu akabaki ameshika tasbihi.

Tukafika mlangoni kwangu. Afaf alikuwa juu, akachungulia, akaziba mdomo. Nikaitazama ngazi yetu, mnazijua ngazi za nyumba zile, zimesimama kama ukuta. Kila Ijumaa Akil alikuwa akiipanda akanikuta juu nimetulia kama malkia. Hajapata kuniona mimi nikiipanda. Nikavua buibui nikampa alishike, nikainama nikashika kidato cha juu kwa mikono, nikavuta guu zima, kisha nikavuta lile jingine. Nilipanda kama mtoto atambaavyo, nikiguna, jasho likinidondoka kwenye mawe, sikuficha kitu. Afaf alitaka kushuka, nikamkataza.

Nilipofika juu nikageuka. Akil alikuwa bado chini, buibui langu mkononi, uso umemsawijika.

"Dada," akasema, "Arafa kuna kilima."

"Najua. Nami naogopa."

Akalitupia buibui langu begani. Kisha akavua viatu, akaanza kupanda.